Mtoa Upepo

Mama Pekee alivikuta kwenye suruali ya mumewe, mfuko wa kushoto, alipokuwa akiipindua kabla ya kuiloweka. Vilikuwa vifuniko vidogo vya vali, karibu vyote vyeusi, vile vinavyokaa kwenye mdomo wa tairi la pikipiki kuzuia vumbi, na vilijaa kiganja. Yeye alikuwa dobi. Mifuko ya watu aliijua kuliko wenyewe walivyoijua: alishakuta hirizi ya mhasibu, jino la bandia la mhubiri, picha ya mke wa jirani ndani ya shati la jirani mwingine, na vyote alivikausha akavirudisha bila neno. Siku hiyo alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza chini juu, povu likamkauka mikononi.

Fundi wa matairi kuwa na vifuniko mfukoni si ajabu. Kila fundi akifungua vali hutia kifuniko mfukoni kwanza kisije kikapotea vumbini, na akimaliza hukirudisha mahali pake. Mkono hufanya wenyewe, kichwa hakihusiki. Lakini mumewe hakuwa amegusa tairi la mteja tangu walipomzika mtoto wao. Gereji yake pale barabarani ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na kufuli lilishaanza kushika kutu.

Na mtaani kulikuwa na mtu anayetoa watu upepo.

Mwanzoni ilikuwa kama mzaha. Mwenye pikipiki anatoka kunywa chai, anakuta tairi limelala. Anatukana kidogo, anajaza, anaondoka. Ikafuata baiskeli ya muuza maziwa, mkokoteni wa muuza maji, gari la mwenye nyumba, hata mpira wa watoto wa shule. Hakuna kilichoibwa wala kuchanwa, ni upepo tu. Wengine walisema ni mchawi. Wengine walimshuku fundi mpya wa pancha, kwamba anajitafutia wateja, wakamshika ukosi mpaka akaapa kwa kaburi la mama yake, ingawa mama yake alikuwa hai na alikuwa amesimama palepale akimtazama. Wakampa mhalifu jina, Mtoa Upepo, wakacheka.

Waliacha kucheka Mpole alipoanguka. Mpole alikuwa dereva wa pikipiki asiyekimbiza hata akilipwa. Aliondoka na tairi la mbele lililopungua bila kujua, amempakia mpishi wa shule, na kwenye kona gurudumu likawakimbia. Mguu wa Mpole ulivunjika mfupa ukatoka nje. Mpishi aliacha meno yake ya mbele kwenye lami. Tangu hapo madereva walibeba minyororo na vyuma chini ya viti vyao, na walipokaa kijiweni mazungumzo yao yalikuwa mamoja tu.

Mama Pekee alivifunga vile vifuniko kwenye pindo la nguo yake, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

*

Mdogo wake wa kiume alikuja kula mchana, kama kawaida. Alikuwa dereva wa pikipiki, wakimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. Alikaa mezani mkabala na shemeji yake Fundi, akavuta sahani, akaanza kueleza huku akitafuna.

"Tunamkaribia, dada. Tumegawana zamu. Tukimpata hatupeleki mtu polisi. Polisi wanamlisha, kesho yuko nje. Petroli ipo, tairi halitakosekana."

"Kula chakula," dada yake alisema.

"Nakula. Mpole mguu umeanza kunuka, unajua? Nimetoka kumwona. Mtu mzima analia anamwita mama yake." Akamgeukia Fundi. "Shemeji, wewe ni mtu wa matairi. Mtu anatoa upepo halafu hachukui kitu. Anapata nini?"

Fundi alikuwa akitazama maji ndani ya bilauri. Alikonda siku hizi, na mikono yake mikubwa ya kazi ilionekana kama ya kuazima.

"Labda hataki kitu," alisema.

Nje, lori lilisimama barabarani likapumua breki zake, ule mshindo wa upepo wanaoujua watu wote wanaoishi kando ya barabara kuu. Watu wengine hawaisikii tena sauti hiyo. Fundi aliruka juu ya meza. Sahani zilivunjika, bilauri ikampiga Breki mdomoni, na Mama Pekee akajikuta sakafuni, kisogo kimegonga saruji, mumewe amemlalia kwa uzito wake wote, kiwiko kimemkandamiza koo. Fundi alikuwa akitetemeka na kuhema. Jasho lake lilimdondokea mkewe machoni.

Breki alimvuta shemeji yake kwa ukosi, akampiga ngumi ya sikio, akampiga ya pili. Fundi hakujikinga.

"Siku utakayompiga tena dada yangu nitasahau kwamba nimewahi kukuita shemeji," Breki alisema, damu ikimtoka mdomoni.

"Hanipigi," Mama Pekee alisema kutoka sakafuni.

"Na hilo jicho la juzi?"

"Ananiangusha."

"Ananiangusha," Breki alimwigiza, akatema damu mlangoni. "Haya. Endelea kuangushwa."

Ndivyo walivyosema hata wanawake wa bombani, kwa maneno matamu zaidi. Walimpa pole kwa jicho, wakamshauri arudi kwao, na walipoondoka walimwita "mama" tu, wakimeza lile jina jingine. Zamani lilikuwa jina la utani, kwa kuwa yeye na mumewe walijaliwa mtoto mmoja. Sasa hakuna aliyelitamka mbele yake, kana kwamba lilikuwa tusi.

Pekee aliuawa na tairi la lori. Matairi ya magari ya zamani hushikiliwa na pete ya chuma pembeni, na pete isipokaa sawasawa mafundi huigonga kwa nyundo ikae, huku upepo unaendelea kuingia. Ndivyo wanavyofanya wote, na ndivyo ambavyo hawapaswi kufanya. Pete iliruka, ikamkata Pekee kuanzia kidevuni, na baba yake alimfunika uso kwa koti la kazi asionwe na mtu, hata mama yake aliyekuwa amesimama hapo na chakula. Fundi hakupata mkwaruzo, na hilo hakujisamehe.

*

Breki alipokwisha kuondoka, Mama Pekee aliokota vigae vya sahani. Kisha akafungua fundo, akavimimina vifuniko mezani.

"Ni wewe?"

Fundi alivitazama kama anayevihesabu, halafu akasema, "Matairi yanajazwa mno. Nikipita nayasikia."

"Yanasemaje?"

"Hayasemi. Yanangoja." Alishika ukingo wa meza. "Kuna mtu atainama karibu. Mtoto wa mtu. Nikitoa upepo kidogo tu napata nafuu, naweza kupita."

"Mpole amevunjika mguu."

"Nimesikia."

"Mpishi hana meno, baba. Watakuchoma moto. Mdogo wangu mwenyewe ndiye atakayeshika kiberiti."

Fundi aliinamisha kichwa. Hakuahidi kuacha. Angeahidi, mkewe angemwamini kwa siku hiyo na wote wawili wangelala. Lakini hakuwahi kuwa mwongo, hata pale uongo ulipomfaa.

Asubuhi iliyofuata Mama Pekee alivifunga tena vile vifuniko kwenye pindo la nguo, akaenda gereji, akafungua kufuli lile lenye kutu, akaurudisha mlango wa mabati na kuuegesha jiwe. Kufuli akalileta nyumbani, akaingiza ndani ndoo ya maji na mkate, akamfungia mumewe kwa nje. Funguo aliining'iniza shingoni, chini ya gauni. Aliona aibu. Mtu humfungia mbuzi hivyo. Fundi hakubisha, alisikia komeo likiingia, akakaa kitandani.

*

Mchana alikuwa akipeleka mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, yamenyooshwa na kukunjwa, ameyabeba mikononi. Kwenye kona ya kijiwe, karibu kabisa na kwake, alikuta watu wamejaa.

Katikati alikuwa Mzee wa Chupa. Kila mtu alimjua: alikusanya chupa za plastiki na kuziuza kwa uzito. Alikuwa na kawaida ya kufungua kifuniko cha kila chupa, kutia kifuniko mfukoni, na kuikanyaga chupa itoe upepo ili gunia libebe nyingi. Chupa moja ilikuwa imebingirika chini ya pikipiki. Alikuwa ameinama kuifuata wakati dereva mmoja alipomwona, akamkamata, akampekua mfukoni na kukuta vifuniko. Kwamba vilikuwa vya chupa za soda, hakuna aliyejali. Hasira ikishasubiri sana haichagui.

Walikuwa wamempiga kwa mnyororo mpaka shati likaingia kwenye nyama ya mgongo. Jicho moja lilikuwa limejifunga. Alipojaribu kuinuka mtu alimkanyaga vidole, na vililia kama vijiti.

"Nyie vijana," alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "nyie vijana, naokota chupa tu."

Mama Pekee alisimama. Naomba asihukumiwe haraka na wale ambao hawajawahi kuwa na mtu aliyefungiwa ndani. Aliwaza: nikisema, watakwenda kwangu, na nyumba haina mlango wa pili. Aliwaza: watampiga mzee kidogo, watachoka, watamwacha. Aliyakumbatia mashati.

Hawakuchoka. Wawili walikwenda gereji wakaikuta haina kufuli, wakarudi wakibingirisha tairi kuukuu la gari. Walimvisha mzee likambana mikono. Breki alikuja na chupa ya petroli, mdomo wake ungali umevimba kwa ile bilauri. Harufu ilienea. Mzee wa Chupa alipoisikia alijikojolea, na watu wachache wakacheka.

Mashati yakadondoka vumbini.

"Si yeye," Mama Pekee alisema. "Ni mume wangu."

Walio karibu waligeuka. Breki alimtazama dada yake, na usoni mwake ukapita mwanga wa mtu aliyekumbuka mengi kwa mara moja: meza, sahani, labda hataki kitu. Alielewa. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nyamaza."

"Ni yeye, Breki."

"Nimesema nyamaza. Nenda nyumbani. Huyu mzee hana mtu."

Kwa maneno hayo Mama Pekee alimpiga mdogo wake kofi kwenye mdomo ule ule uliopasuka. Kisha akafungua pindo la nguo kwa meno na kumimina vifuniko miguuni pa madereva. Kimoja kilikuwa cha chuma, chekundu, kimechongwa kama risasi. Dereva mmoja aliinama, akakiokota.

"Hiki changu," alisema.

Wawili walikimbia kwake wakakuta kufuli, wakarudi wakamkamata wakidai funguo. Aliishika pale shingoni akakunja ngumi, wakaikunjua kidole kimoja kimoja, na cha mwisho kilipokataa walikivunja. Alisikia kikikatika kabla ya kusikia maumivu. Hawakukawia. Walimleta Fundi wamemshika miguu, kichwa kikiburutwa chini, na njiani kila mwenye mkono alipata nafasi yake. Mmoja alikuwa na spana. Walipombwaga kando ya Mzee wa Chupa nyama ya paji la uso ilikuwa imening'inia na mfupa ulionekana.

Fundi aliinua macho, akaliona tairi shingoni mwa mzee. Alijivuta kwa magoti, akalishika kwa mikono miwili, akalivua taratibu kama anavyovua tairi kwenye rimu, bila kumgusa mzee kidonda. Akaliweka chini.

"Mimi ndiye natoa," alisema. "Yeye mwacheni."

Spana ilimpata mbavuni. Akaanguka.

"Mwagia, Breki," mwenye kifuniko chekundu alisema. "Au kwa kuwa ni shemeji yako ndiyo sheria imebadilika? Mpole angekuwa ndugu yako ungengoja?"

Breki alikuwa ameshika chupa bila kifuniko, imeinama, petroli inamwagikia kiatu chake mwenyewe. Mama Pekee aliwapita, akamlalia mumewe, akamfunika kama alivyofunikwa mara nyingi sakafuni kwake.

"Mwagia," alimwambia mdogo wake. "Mimi nipo hapa. Mama yetu utamwambia ulianza na nani."

Breki aliinua chupa. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba angemwaga, na yeye mwenyewe hajawahi kukanusha.

Barabarani, lori likasimama kwa sababu watu walikuwa wameziba njia. Likapumua breki.

Fundi, ambaye hata pumzi haikumtosha, alinyanyuka. Alimpindua mkewe akamweka chini yake, akamvuta Mzee wa Chupa kwa mguu akamlaza ubavuni, na kwa mkono mwingine akamkamata Breki kifundo cha mguu, akamwangusha, chupa ikaruka, akamkandamiza kichwa vumbini. Wote watatu aliwafunika, mgongo wake umeelekea lilipo lori.

"Lala chini, Pekee," alipiga kelele. "Lala chini, mwanangu."

Alibaki hivyo, akiingoja pete. Damu ya paji lake ilitiririka kwenye shingo ya Breki.

Watu walitazama. Dereva wa lori alichungulia dirishani, akauliza kuna nini. Spana ilishushwa. Mwenye kifuniko chekundu alikigeuzageuza kwenye vidole vyake, akakitia mfukoni. Walio nyuma walianza kukumbuka kazi zao. Wengi pale walikuwa wamelibeba jeneza la Pekee, na sasa hawakujua waweke wapi mikono yao.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee wa Chupa. Aliokota ule mnyororo uliompasua mgongo, akamsogelea Fundi, akampiga mara moja, kwa nguvu zake zote, mabegani. Hakuna aliyemzuia. Mama Pekee hakumzuia.

"Hiyo ni yako," mzee alisema. "Wao nitawatafuta, nao wapate zao." Akatupa mnyororo, akaenda kulitafuta gunia lake.

*

Kule zahanati, muuguzi alimshona Fundi paji la uso, kisha akakifunga kidole cha Mama Pekee kwenye kipande cha mbao. Wakati akifunga aliuliza kama mgonjwa analala usiku, kama anashtuka kwa sauti, kama anaona kitu kinarudi hata macho yakiwa wazi. Mama Pekee alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Muuguzi hakushangaa, na kwa kuwa hakushangaa, Mama Pekee alianza kulia.

"Si wazimu," muuguzi alisema. "Mtoto mmemzika, lakini mwili wa baba yake bado uko gereji. Unangoja lile lililokwisha kutokea. Kuna mama huja hapa kila Alhamisi kukaa na watu wa namna hii. Haponyi kwa siku moja, nisikudanganye. Mlete. Na wewe uje."

"Mimi sina kitu."

Muuguzi alimtazama. "Uje hivyo hivyo."

Breki alikuwa nje ukutani, hakuingia. Alisema kwamba Mzee wa Chupa yuko kitanda cha mwisho kule ndani, kwamba jicho huenda lisipone, na kwamba yeye atamlisha mpaka atakapotoka. Alisema hayo akitazama viatu vyake.

"Ulitaka afe mzee," dada yake alimwambia.

"Nilitaka usife wewe."

"Ndiyo hicho nilichosema." Akampita.

*

Mashati ya hoteli yalirudi kwenye beseni. Damu na vumbi haviondoki kwa maji ya moto. Mama Pekee aliyaloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, na asubuhi akakaa kuyafua kwa mkono mmoja. Fundi alitoka ndani akiwa na bandeji kichwani, akavuta kigoda, akaingiza mikono yake kwenye beseni bila kuombwa. Walifua. Miale ya jua ilikuwa imeshafika kwenye kamba ya kuanikia.

"Nataka kukuambia kitu," Fundi alisema. "Siku ile. Nilimwambia agonge. Yeye alisema, baba tutoe upepo kwanza. Nikamwambia tutachelewa, gonga."

Mama Pekee aliendelea kusugua kola.

"Najua."

"Hujui. Sijamwambia mtu."

"Nilikuwa nimesimama na chakula chenu. Nilikusikia."

Fundi aliliacha shati. Maji yalimdondoka kwenye viwiko.

"Muda wote huu?"

"Muda wote huu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuchukia mbele za watu. Kisha ningebaki na nani?"

Fundi alijipangusa viwiko. Halafu akauliza, kwa woga wa mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukilipia, "Na ndani? Ulinichukia?"

"Ndiyo," Mama Pekee alisema. "Kuna siku bado." Akalitoa shati majini, akampa mikono ya shati. "Mimi kidole hakikunji. Shika huko."

Fundi alishika upande wake, yeye akashika wa kwake, wakakamua.